Samaki Ana Miiba

Jina lake ninalijua, na Kiponda nzima, mtaa wetu wa mjini Unguja, ililijua, lakini halijapita mdomoni mwangu hata mara moja. Alikuwa somo yangu. Zama zetu mtoto wa kike wa mjini akishavunja ungo, wazee wake walimkabidhi kwa mwanamke mtu mzima amfunze twahara, mwendo na namna ya kuishi na mume, na mwanamke huyo akawa somo yake mpaka mmoja wao aingie kaburini. Humwiti kwa jina. Hata leo, nami nishakuwa bibi wa watu, nikimtaja kwa jina nitahisi nimemtukana.

Wenzangu walipewa wanawake waliotulia, wenye kukaa jamvini wakatafuna tambuu na kutunga asumini. Mimi nikapewa aliyechemsha vichwa vya samaki. Darini kwake, pahala ambapo watu wengine walianika nguo, kulijaa sinia, na kila sinia ilikuwa na mifupa ya kichwa kimoja, imepangwa kama ilivyokaa samaki alipokuwa hai: changu huku, chewa kule, pono na meno yake ya kasuku. Harufu sitaieleza. Mama yangu alipopanda mara ya kwanza aliteremka ameziba pua kwa kanga, akamwambia baba, "Tumempa mtoto kwa mchawi." Baba akacheka, akasema mchawi asingeanika ushahidi wake juani.

Mambo yale aliyaanza lini na kwa nini, sikupata kujua. Kila nilipomwuliza alinipa jawabu jipya. Ninachojua ni kwamba alipenda kuokota. Bamvua likifika, maji yakatoka mbali, yeye huyo, anapanda gari ya shamba mpaka Chukwani na kikapu chake cha ukili, buibui amelikaza kiunoni, anatembea pwani ameinama kama mtu aliyeangusha pete. Wengine waliokota kauri. Yeye aliokota mifupa, hasa ile mizito ya rangi ya kahawa, iliyokaa chini ya matumbawe zama na zama mpaka ikageuka jiwe. Akirudi huuweka mfupa katikati ya sinia tupu, kisha huenda Darajani kununua vichwa. Huchemsha, huchambua, huosha kwa ndimu, akautafutia ule mfupa wa jiwe mwenzake aliye mbichi.

"Kila mfupa una ndugu yake sokoni," alikuwa akisema. "Ukimkosa leo, basi hajavuliwa tu."

Sokoni palikuwa na muuza samaki aliyemwekea vichwa asivyovijua hata mwenyewe. Akimwona kwa mbali humwita, "Bibi wa vichwa, leo nna kitu chako." Naye Somo atakitazama kile kichwa kwa dharau, atasema kimeoza, atasema hakina hata mfupa mmoja anaoutaka, na mkono wake umeshakishika shavu. Akifika nyumbani hukibusu.

Kwani alikuwa mwongo. Nasema kwa mapenzi, na mwenyewe asingekataa. Alidanganya umri wake mpaka dada yake mdogo akawa mkubwa wake. Aliwasifu watoto wachanga waliokunjamana kama mabungo. Aliwahi kula pilau iliyoungua nyumbani kwa jirani, akamwambia, "Mkono wako huo, mwanangu, hauna mfano Unguja nzima," na tulipofika njiani akaniambia, "Leo matumbo yangu yamepakwa masizi." Alituambia sisi wari wake kwamba neno tamu ni udi wa nyumba: halijengi ukuta, lakini bila yake hakukaliki. Na alitufunza hasa, jinsi ya kumsifu mama mkwe, jinsi ya kumwambia mgonjwa amenawiri, jinsi ya kupokea zawadi mbaya kwa mikono miwili.

Nilipoolewa sikuwa nimemwona mume wangu. Nikamwuliza yeye, aliyekwisha kumchungulia.

"Mrefu," akasema.

Nilipofunuliwa nikamkuta tunalingana, na pengine mimi nimemzidi kidogo. Asubuhi yake nikamlalamikia. "Njia ya mwongo fupi, Somo."

"Fupi, naam," akanijibu, akinipaka hina iliyobaki. "Lakini ishakufikisha kwa mumeo."

Na mume huyo, kwa ufupi wake wote, nilimpenda kupita kiasi.

Ila kwenye mifupa hakudanganya. Hapo ulikuwa unakutana na mtu mwingine kabisa. Jirani yetu mmoja alimvisha mwanawe kitu kigumu cheupe shingoni, amerithi kwa bibi yake, akiamini ni jino la nguva na kwamba linazuia jicho baya. Akaja kwa Somo apate kuthibitishiwa mbele za watu. Somo akakigeuzageuza. "Hili taya la bunju," akasema. Kweli, bunju, yule samaki anayejijaza upepo na ambaye hata paka humsusa. Jirani alinuna mwezi mzima. Na siku ile ile, dakika chache kabla ya hapo, Somo alikuwa amemsifia kanga yake ya kisutu iliyopauka, kwamba ni kama imetoka dukani leo.

Wala msidhani hakukosea. Wakati mmoja aliokota Chukwani kipande bapa chenye mistari myembamba iliyopangana, akatangaza kila nyumba kwamba amepata meno ya taa, samaki taa, tena taa mkubwa wa zamani ambaye hayupo tena. Akatafuta ndugu yake sokoni wiki nyingi. Kumbe kilikuwa kipande cha kitana cha pembe, na aliyegundua ni mimi, nilipokiosha vizuri. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavaa buibui, akazunguka nyumba zile zile, na kila mlango alisema, "Nimekuja kuichukua taa yangu, nilikosea." Bibi mmoja kiziwi akaingia ndani akamtolea kandili. Somo aliipokea kwa adabu, akarudi nayo, na ilibidi nimrudishie mwenyewe kesho yake.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na lugha. Sisi tunasema ng'ombe ana mifupa, mbuzi ana mifupa, samaki ana miiba. Hakuna mzazi anayemwambia mtoto achunge mfupa anapokula changu. Neno hili lilimkera kama mchanga kwenye wali. "Mwiba uko kwenye mti," alikuwa akisema. "Kichwa cha chewa kina mifupa mingi kuliko nyumba hii ilivyo na milango." Watu walimcheka, wakaendelea kusema miiba. Basi huleta bakuli lake la mifupa ya kolekole. Samaki huyu akizeeka, baadhi ya mifupa yake huvimba ndani ya nyama ikawa mviringo, imara, haina ncha wala ukingo. Mifupa mingine yote huoza baharini, lakini hiyo iliyovimba hudumu, ikageuka jiwe. "Shikeni," huwaambia. "Huu nao mwiba? Utamchoma nani?" Mimi nilikuwa nikicheka pamoja na wengine. Sikujua kwamba neno hilo moja litaniingilia nyumbani.

Mume wangu alikuwa seremala hapa mjini, lakini kwao Paje. Alikwenda kuwatazama wazee, akatoka na ngalawa pamoja na binamu yake. Ngalawa ikakutwa nje ya mwamba imepinduka. Binamu maji yalimleta, maiti. Mume wangu hayakumleta.

Aliyefiwa na mume ni mjane, ana eda yake, ina mwanzo na mwisho. Aliyepotelewa na mume si mjane wala si mke. Hukai eda kwa mtu usiyejua kama amekufa, na bila ya eda huolewi. Mwanzoni sikutaka kuolewa, nilitaka mlango ugongwe. Lakini miaka ilipita, na fundi cherehani mmoja wa Mkunazini, mtu mpole, mwenye kuuma sindano midomoni huku akitabasamu, akaleta maneno kwa baba. Nami nilimpenda. Nalisema wazi kwa kuwa nishazeeka na hakuna wa kuninyamazisha. Baba akamjibu kwa heshima kwamba mimi bado ni mke wa mtu.

Ndipo ikaja habari kutoka Paje. Wanawake walikuwa wakifukua makumbi, yale maganda ya nazi wanayoyazika pwani yaoze wapate kusokota kamba, na chini kabisa ya shimo, kwenye matumbawe, mmoja wao akashika mfupa. Mviringo, wa ukubwa wa pia ya goti. Mama mkwe wangu alituma mtu: mwanawe amepatikana, angalau kipande, na kipande cha Muislamu huoshwa, huvishwa sanda na huzikwa. Njooni.

Tulikwenda baba, mimi na Somo. Ndani ya gari nilimshika mkono nikamwambia, "Somo, nshachoka." Alinifinya kidole. Nikadhani tumeelewana. Mwanamke aliyemrefusha mume wangu kwa neno moja, atashindwa nini kumpa kaburi?

Mama mkwe tulimkuta mkekani, na mbele yake kipande cha bafta jipya la sanda, na juu ya bafta mfupa. Alikuwa ameshaupaka kafuri. Wanaume walikaa upande wa pili na shehe wa mji wao, na kaburi dogo, tuliambiwa, limeshachimbwa. Shehe alikuwa mtu mwangalifu. Akasema hawezi kukisalia kiungo kabla ya kuwa na yakini kwamba ni cha mwanadamu.

"Yakini gani tena, shehe?" alisema ami yake mume wangu. "Sote tumeutazama. Huu si mwiba. Samaki ana miiba. Huu mfupa, na mfupa wa baharini utakuwa wa nani kama si wa mtu?"

Hakuna aliyembishia. Ni maneno ambayo mtu yeyote wa Unguja angeyasema, na mimi moyoni nilikuwa wa kwanza. Baba akakohoa, akasema, "Huyu somo yake mwanangu anaijua mifupa. Na autazame." Nadhani na yeye alitaraji nilichokitaraji mimi.

Somo akauomba kwa mama mkwe kwa mikono miwili. Akaupima uzito kiganjani. Akaupitisha kidole gumba kila upande. Akaugongesha taratibu kwenye kikombe cha kahawa, ukalia kama jiwe. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa mfupa mwingine, mweupe, alioutoa kwenye kichwa cha samaki wa Darajani wiki ile, akaulaza kando ya ule. Walikuwa pacha. Hapo nikajua kwamba alipokuwa ananifinya kidole garini, huo mfupa mweupe ulikuwa umeshafungwa.

"Huu wa kolekole," akasema. "Unakaa hapa, kisogoni. Akizeeka unavimba. Na huyu hakufa jana wala juzi. Huyu keshageuka jiwe, kakaa chini huko kabla ya babu zetu. Mtu aliyepotea juzi hageuki jiwe."

"Samaki ana miiba, bibi," alisema ami, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

"Jina tu hilo, bwana. Sisi ndio tuliomwita mwiba. Yeye mfupa."

Shehe akautazama ule wa kwanza, akautazama wa pili, akasema "La ilaha illallah" taratibu, akavua miwani. Mama mkwe hakuitazama mifupa hata kidogo. Alikuwa anamtazama Somo.

"Basi mwanangu yuko wapi?"

"Sijui, mwenzangu. Mie najua hivi tu."

Somo akalikunja lile bafta polepole, kona kwa kona, akampa mama mkwe. Kisha akahamia upande wa wanawake, akakaa naye paja kwa paja mpaka alasiri, hakusema neno moja tamu, yeye aliyekuwa na maghala ya maneno matamu. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Tulipokuwa tunarudi alisinzia. Machoni mwangu alisinzia kweli, kichwa kikigonga ubao wa gari. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Siku nyingi sikwenda kwake, na nilipokwenda nilikwenda kugomba.

"Ungesema neno moja tu," nikamwambia. "Umemdanganya kila mtu mtaa huu. Mimi ndiye umenionea haya?"

Alikuwa anachambua kichwa cha changu, hakuacha. "Nkikwambia bwana arusi mrefu, asubuhi utamwona mwenyewe. Uongo wangu wote una asubuhi yake. Ule usingekuwa nayo. Ungekaa eda ya kolekole, ungeolewa juu ya kaburi la kolekole, na mume wako huko aliko, hai au maiti, hana habari. Nani angekuja kukwambia?"

Maneno yale hayakunipoza. Fundi cherehani alisubiri kadiri alivyoweza. Kisha mama yake akamletea binti wa mjomba wake, akaoa, na nguo za arusi alizishona mwenyewe. Mimi nilingoja mpaka kadhi alipotimiza muda na uchunguzi wake, akahukumu kwamba mume wangu ni katika waliokufa. Ndipo nikakaa eda ya haki. Somo alikuja kila siku ya eda ile, ananiletea uji wa pilipili manga na maneno ya mtaani. Baadaye niliolewa na mtu mwingine, mwema, tukazaa. Watu husema kila jambo na heri yake. Mimi nasema yule fundi nilimkosa, na nilimtaka. Yote mawili ni kweli, nimeyaweka pamoja kabatini na sijayapatanisha.

Aliyenifunza kitu ni mama mkwe. Baada ya yale nilidhani hataki kumsikia Somo. Lakini miezi michache baadaye utingo wa gari ya Paje alishusha Kiponda kifurushi cha makuti, na ndani yake mifupa mitatu. Kisha kikaja kingine. Ikawa desturi. Wanawake wa Paje wakifukua mfupa wowote, mama mkwe huupeleka mjini kwa Somo, na Somo huuchemshia ndugu, hutafuta, kisha hutuma jibu kwa utingo huyo huyo: samaki. Nilipokwenda kumwamkia nilimwuliza kwa nini anajisumbua.

"Kila nkiona mfupa pwani, moyo wangu unadondoka," akaniambia. "Huku wote wataniambia si yeye, maana wananionea huruma. Yule somo yako akinambia si yeye, nnalala."

Niliyafikiri maneno yale njia nzima ya kurudi mjini.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni, Somo alianza kukonda. Akasema ni joto, akasema ni meno. Alipoacha kupanda darini ndipo tulipojua. Daktari hospitali alimwambia mpwa wake wa kiume na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka: uvimbe tumboni, umeshatapakaa, arudi nyumbani apumzike. Ukoo ukakaa, wakakubaliana asiambiwe. Ndiyo desturi yetu, mgonjwa hakatwi tamaa, nami sikupinga.

Siku niliyokwenda, baada ya sala ya alasiri, nilikuta chumba kimejaa. Walikuwa wari wake, wakubwa na wadogo, wamekizunguka kitanda, na chetezo kinafuka udi.

"Leo umenawiri, Somo."

"Rangi imerudi, mashaallah."

"Mwezi ujao utatupeleka Chukwani, utaona."

Alikuwa anatabasamu, anamwitikia kila mmoja. Kisha akasema ana hamu ya chai ya mchaichai, tena nzito, na visheti, na mto mwingine wa kichwa, akawagawia kazi mmoja mmoja mpaka chumba kikabaki na mimi.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Sukuma mlango."

Nikausukuma. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ngozi imelegea juu ya vidole.

"Umewasikia?" akauliza. "Wanasema vizuri. Hasa yule wa mwisho. Mie ndiye nliyewafunza, kila neno nnalijua lilivyoshonwa." Akapumua kidogo, maana kusema kulimchosha. "Sasa wee nambie. Ntanyanyuka?"

Nilikuwa nalo neno tamu. Lilikuwa tayari mdomoni, amenipa mwenyewe, na lingetoka bila hata kutetemeka. Nilimtazama akinitazama. Macho yake hayakuwa ya mtu anayeomba, yalikuwa ya mtu anayesubiri mzigo wake ushushwe garini.

"Hunyanyuki, Somo," nikasema.

Akafumba macho. Kutoka jikoni nilisikia vikombe, na mmoja wa wari akicheka.

"Karibu?"

"Karibu. Daktari hakusema siku."

"Haya." Midomo yake ikasoma kitu ambacho sikukisikia. Kisha akauvuta mkono wangu, akaulaza kifuani pake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama nimeshakula. "Imekuuma kuisema?"

"Imeniuma, Somo. Imeniuma sana."

"Na mie siku ile ya Paje iliniuma," akasema. "Wee garini ulidhani nimesinzia."